Walipotunyang'anya "Imekufa"

Nina kumbukumbu mbaya. Mbaya kwa wenye vyeo, si kwangu. Nakumbuka kila walichotuita. Nilipoingia kwenye kiwanda kile cha udobi tuliitwa vibarua. Tukagoma, tukaitwa wafanyakazi. Akaja meneja mwingine, tukawa rasilimali watu, kama mbao au kokoto. Huyu wa sasa anatuita wanafamilia. Na kila jina lilivyozidi kunona, kitu kimoja kiliondoka: kwanza benchi la chumba cha kupumzikia, kisha sabuni ya kunawia, kisha feni ya upande wa rola. Leo sisi ni wanafamilia, na tunakula tumesimama.

Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani hasira zangu zilianza juzi, mdogo wangu alipoungua mkono.

Kiwanda chetu si cha kufua shati la mtu na gauni la mkewe. Mashuka ya hospitali na mahoteli yanaingia mlango wa nyuma yakiwa machafu, yamejaa kwenye mikokoteni, na kutoka mlango wa mbele yamekunjwa kama barua. Katikati kuna mashine za kufulia, kuna vikaushio, na mwisho kabisa kuna rola. Rola ni pipa la chuma lililolala, refu kuliko kitanda cha watu wawili, lina moto na linazunguka. Wanawake wawili wanasimama mbele yake, kila mmoja upande wake, wanalishika shuka bichi kwenye pembe, wanalinyoosha, wanailisha rola. Shuka linaingia limekunjamana, linatokea nyuma limenyooka. Pale linapoingilia kuna ubao mwembamba unaoitwa kinga. Vidole vikiugusa tu, rola inasimama. Ndiyo kazi yake. Hauna kazi nyingine hapa duniani.

Mdogo wangu alikuwa upande wa kulia wa rola. Upande wa kushoto alisimama Mama Pacha, ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu azaliwe. Mimi niko meza za kukunja, hatua chache nyuma yao. Wananiita Kipaza, kwa sababu ya sauti na kwa sababu nyingine ambazo wakinieleza huwa nakasirika.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokuwa tukiishi na mashine zile kabla hawajatuletea ustaarabu. Mashine yoyote ikianza ubishi, aliyeiona anapiga kelele neno moja: "Imekufa!" Basi. Mikono yote ya ukumbi ule juu, hewani, kama tumevamiwa na majambazi. Si mikono ya waliokuwa kwenye mashine ile tu. Yote. Hakuna aliyeuliza ipi, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwanza unatoa mkono, halafu ndiyo unafikiri. Fundi anakata umeme, anakuja na spana zake, anaitengeneza, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema, "Imefufuka." Hapo tunampigia makofi na vigelegele kama bwana harusi.

Neno hilo hatukuletewa na mtu yeyote mwenye tai. Nililikuta pale, na walionitangulia walilikuta. Lilikuwa limekaa mwilini. Hata nyumbani, jiko likizimika, mdogo wangu akisema "imekufa," mimi nilikuwa nimeshaachia mfuniko wa sufuria. Tukicheka, tunacheka mikono ikiwa juu.

Halafu akaja Mwezeshaji.

Alikuwa kijana nadhifu, ana kalamu za rangi nne, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Alitukalisha duara juu ya matenga yaliyopinduliwa. Akasema, "Wanafamilia, maneno yanaumba. Ukisema vibaya, utafikiri vibaya. Ukifikiri vibaya, utafanya vibaya." Na mimi, mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Ni kweli kabisa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia wenzangu jambo lilelile na hakuna aliyeniletea hata maji ya kunywa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa analijua na anataka kulitumia.

Akaomba tumtajie maneno hasi tunayoyatumia kazini.

"Jumatatu," alisema Mama Pacha.

Watu wakaangua kicheko. Mwezeshaji naye akacheka, akaliandika. Wajanja wa aina hii hawanuni, hilo ulijue. Akaandika na "tatizo," akaandika na "haiwezekani," akaandika na "shida." Mtu mmoja wa vikaushio akasema, "Imekufa." Mwezeshaji akaweka mkono kifuani kana kwamba kafiwa kweli.

"Jamani! Imekufa? Kila siku mnatangaza msiba kazini? Mashine haifi, wapendwa. Mashine inakuwa na changamoto. Na changamoto tunaifanyaje?"

Watu wakatazamana.

"Tunai-ka-bi-li! Semeni."

"Tunaikabili," watu wakasema kivivu.

"Na mwili useme pia. Simameni. Mguu mmoja mbele, mikono mbele, kama unasukuma ukuta. Changamoto?"

"Tunaikabili!"

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimesimama tayari, lakini nikasimama kwa namna ya kusema. "Ndugu mwezeshaji, nina swali. Jino likikuuma usiku kucha, utasema una changamoto ya jino?"

"Hapana, kaka yangu," akasema, meno yote nje. "Nitasema nimepata nafasi ya kumfahamu daktari wa meno."

Ukumbi mzima ulicheka. Mama Pacha alicheka mpaka akajishika ubavu. Mdogo wangu mwenyewe, damu yangu, alijifunika uso na kanga aliyokuwa ameifunga kiunoni. Nikakaa juu ya tenga langu na nikajua tumeshindwa, kwa sababu mtu akikuchekesha ameshaingia ndani ya nyumba, na kumtoa ni kazi.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, tulisimama mistari tukaimba. Changamoto? Tunaikabili! Mguu mbele, mikono mbele. Mimi nilikuwa nafungua mdomo bila kutoa sauti. Meneja alikuwa anatazama kutoka ofisini kwake juu, nyuma ya kioo, ameshika kikombe.

Watu wanadhani neno jipya ni kama rangi mpya ukutani. Waongo. Tatizo linatengenezwa. Kilichokufa kinaachwa mpaka kitengenezwe. Lakini changamoto mtu anatakiwa kuishinda yeye mwenyewe, kwa jasho lake na tabia yake njema. Ukishindwa, aliyeshindwa ni wewe. Halafu ni neno lisilo na kipimo. Balbu ikiungua, changamoto. Paa likitaka kutuangukia, changamoto. Ukilisikia hujui kama ushike ufagio au ukimbie.

Kinga ya rola ikaanza kuchagua siku. Ukiigusa leo rola inasimama, kesho inaendelea kana kwamba haikukuona. Zamani tungesema neno moja na Fundi angekuwa chini ya mashine kabla ya chai. Safari hii Mama Pacha alisema asubuhi kwenye mstari, "Rola ina changamoto ya kinga." Na ukumbi ukajibu, "Tunaikabili!" Ikawa imeisha. Kesho yake akasema tena, tukajibu tena. Ikawa kama salamu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani huwa humwelezi, unajibu nzuri.

Nilimfuata Fundi. Nikamwambia, "Fundi, ile kinga."

"Nimesikia ina changamoto," akasema.

"Imekufa, Fundi."

Alinitazama kwa huruma. "Kipaza, kaka yangu. Nimeambiwa kinachokuja kwangu ni kilichoshindikana kabisa. Changamoto zinabaki kwa wahusika. Sasa mimi nishike spana kwa neno lako wewe, ambaye kila siku unasema dunia nzima imeharibika?"

Hilo liliniuma, nalo nalikumbuka.

Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, chai ilikuwa haijafika. Pembe ya shuka ilijiviringisha kwenye kiganja cha mdogo wangu. Jambo la kawaida, hutokea, ndiyo maana kinga iko pale. Mama Pacha aliiona kabla yake. Akapiga kelele. Na mdomo ule usio na likizo, mdomo ambao miaka yote ungetoa neno moja tu, ulitoa lile walilouimbisha kila asubuhi:

"Changamoto!"

Mdogo wangu alipiga mguu mbele. Akapeleka mikono mbele.

Niliona kwa macho yangu. Hakurudi nyuma, hakuachia. Aliiendea rola kama alivyofundishwa, na kinga ikaguswa, na rola haikusimama.

Fundi alikata umeme. Kwa kumtendea haki, aliruka kama kijana. Lakini moto hausubiri umeme ukatwe. Tulimpeleka hospitali ileile tunayoifulia, akalazwa juu ya shuka ambalo huenda alilipiga pasi yeye mwenyewe, mkono wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo.

Meneja alikuja wodini na pakiti ya juisi. Akasema, "Pole sana, mwanafamilia. Tukio hili limetugusa wote." Akaeleza kwamba mkaguzi wa mambo ya usalama kazini atakuja wiki inayofuata, atamsikiliza yeye na mgonjwa, kisha ataandika. Akasema uongozi tayari una maelezo yake: kwamba mhusika hakuikabili changamoto kwa utaratibu. "Ni lugha tu ya kiofisi," akasema, na kumpapasa begani kwenye mkono mzima.

Lugha tu! Likiandikwa hivyo, kosa ni la mdogo wangu, na aliyekosa hana nafasi kwenye familia yao. Na rola itaendelea kuzunguka vilevile. Walikuwa wameshamweka msichana mwingine upande ule wa kulia, mgeni kabisa, hata njia ya chooni alikuwa hajaijua.

Aliporuhusiwa nilimchukua akae kwangu. Jumapili mchana tulikaa jikoni, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, tukifanya mazoezi ya yale atakayomwambia mkaguzi.

"Anza," nikamwambia.

"Siku hiyo nilipata changamoto kwenye..."

"Usiseme changamoto."

"Haya. Siku hiyo ilitokea... kulikuwa na... Kaka, nisemeje sasa?"

"Sema kilichotokea."

"Si ndicho ninachosema! Nilipata changamoto nikashindwa kuikabili."

"Ulishindwa?" Damu ilinichemka. "Wewe ndiye ulishindwa?"

"Kumbe nani? Mama Pacha aliniambia, nikasikia, na bado nikaungua. Mwenzangu hakuungua. Ningekuwa makini..." Akaanza kulia, si kwa maumivu. Alilia kwa aibu. Aibu! Amechomwa na mashine yao mbovu, na aliyekuwa anaona haya ni yeye.

Nikasimama. Nikamweleza. Nilimweleza historia ya unyonyaji, na tabaka, na jinsi mabwana wanavyoipandikiza minyororo kwenye fikra, na kwamba mapambano ya mnyonge yanaanzia kwenye... Nilipomtazama alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, ndiyo kaka, ndiyo kaka, macho yakiwa kwenye sufuria.

"Unanisikiliza?"

"Nakusikiliza."

"Nimesema nini?"

"Unyonyaji," akasema. "Kaka, usikasirike. Huwa unaanza na unyonyaji, unapita kwenye minyororo, halafu unamaliza na umoja. Tangu niko darasa la tatu. Mimi ninaijua kama wimbo."

"Huo si wimbo, ni ukweli!"

"Inawezekana. Lakini naujibu kama ninavyowajibu wale. Wao wakisema changamoto nasema tunaikabili. Wewe ukisema mnyonge, nasema ndiyo kaka."

Nilitaka kumjibu. Mtu amejisomea kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari, hakuna mwalimu, hakuna taa, amejenga kila neno lake kwa mikono, halafu anaambiwa na mdogo wake ni wimbo. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nikarudi.

"Haya," nikasema. "Wewe hutasema changamoto. Mimi sitasema mnyonge, sitasema tabaka, sitasema..."

"Minyororo."

"Minyororo pia. Tuone kama kuna kitakachobaki."

Hakikubaki kitu. Tulikaa pale kama watu wawili wanaosubiri basi. Kila akifungua mdomo lile neno lilikuwa limeshafika mlangoni, analimeza. Kila nikifungua mimi, vivyo hivyo. Nilikasirika mpaka nikacheka, naye akacheka, na kucheka kukamuuma mkono.

Mwishowe nikaburuta meza. Nikaiweka mbele yake. Nikachukua mpini wa ufagio nikaulaza ukingoni mwa meza. "Hii rola," nikasema. "Huu mpini ndio kinga. Mimi Mama Pacha." Nikampa taulo. "Usiniambie ulipata nini. Niambie mkono ulikuwa wapi."

Akalishika taulo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akauinua na bandeji yake. Alikunja uso. "Mkono ulikuwa hapa. Shuka limejizungusha hapa, kwenye kiganja. Nikasikia Mama Pacha anaita. Nikaenda mbele."

"Kwa nini mbele?"

"Kwa sababu..." Akapiga mguu mbele, pale jikoni, bila kutaka. Akatazama mguu wake. Alitazama kwa muda, kama umeletwa na mtu mwingine. "Kwa sababu tunaenda mbele," akasema polepole. "Zamani tulikuwa tunaachia."

"Endelea."

"Nikaigusa kinga. Niliigusa kabisa, kaka, kwa kifundo chote. Nikasubiri isimame." Akautazama mpini. "Haikusimama."

"Rudia."

"Haikusimama." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliigusa, na haikusimama. Sikukosea kitu hapo. Mimi niliigusa! Haikusimama!"

Sikuongeza neno. Nilitamani sana kuongeza.

Siku ya mkaguzi waliniruhusu kuingia kama ndugu wa mgonjwa, kwa sharti nisiongee. Meneja alilirudia sharti hilo mara mbili akinitazama mdomoni. Ofisi yake iko juu, ina kioo kikubwa kinachotazama ukumbi wote. Kutoka pale unatuona tukiwa wadogo. Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kwenye kamba, ana mafua, na anaonekana ametoka kwenye ofisi kama ile na anakwenda kwenye nyingine kama ile.

"Niambie, mwanangu," akasema.

"Shuka lilijiviringisha mkononi mwangu," mdogo wangu akasema. "Nikaigusa kinga. Haikusimama."

Mkaguzi akainua kalamu. Meneja akasogea mbele, mpole kama padri. "Anamaanisha palikuwa na changamoto ya kinga, ambayo timu ilikuwa inaifahamu na kuikabili kila asubuhi."

"Changamoto ya kinga," mkaguzi akarudia, akaandika.

"Hapana, mama," mdogo wangu akasema. "Haikusimama."

"Ndiyo, ndiyo, ameshaeleza hapa."

"Hakueleza. Niliigusa, na haikusimama."

"Kama anavyosema," Meneja akaingia tena, "na tunampa pole. Changamoto kama hizi zinahitaji umakini wa mhusika, na ndiyo maana tuna mafunzo."

Mkaguzi akapenga kamasi, akaandika. Uone basi! Msichana anasema maneno mawili yaliyo wazi kama dirisha, na kabla hayajafika kwenye karatasi yanapita mdomoni mwa mtu mwingine na kutoka yamevishwa koti. Niling'ata ulimi mpaka nikaonja chumvi. Ningeongea ningetolewa nje, na angebaki peke yake. Zaidi ya hapo nilijua ningeanza na unyonyaji.

"Basi nadhani nimepata," mkaguzi akasema. "Changamoto ya kinga, umakini wa mhusika. Kuna la ziada?"

Mdogo wangu alikuwa hamtazami. Alikuwa anatazama chini kupitia kioo. Rola ilikuwa inazunguka. Mama Pacha alikuwa kushoto, na yule mgeni alikuwa kulia, analisha shuka, vidole vyake viko karibu kuliko inavyotakiwa, kama vya mtu anayependa kazi.

Akainuka. Meneja akasema, "Mwanafamilia, kaa tumalize." Mdogo wangu akafungua mlango, akasimama juu ya ngazi, akavuta pumzi. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. Mimi ndiye Kipaza, lakini ile ilikuwa sauti.

"Imekufa!"

Mikono yote ikapaa.

Miezi yote ile ya kuimba, na neno lilikuwa bado liko mwilini mle, chini kabisa, halijaondoka. Wa vikaushio, wa mashine za kufulia, wa meza za kukunja, wote mikono hewani, mashuka yanaanguka sakafuni. Hata mimi ofisini, mikono yangu ilikuwa juu. Fundi alikuwa ameshafika kwenye swichi.

Mikono miwili tu haikuinuka. Yule mgeni alisimama vilevile ameshikilia pembe za shuka, anageuza kichwa huku na huku akishangaa wenzake wamepatwa na nini. Mama Pacha aliruka akamkamata mikono na kumvuta kwa nguvu mpaka wote wawili wakakaa chini.

"Achia, mtoto wa watu! Ukisikia hilo unaachia!"

"Mbona hamkuniambia?" msichana akapiga kelele. "Mimi nimefundishwa kwenda mbele!"

Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma ya mdogo wangu, miwani imefika machoni. "Yule mbona hakuinua mikono?"

"Ameingia baada ya wao kutunyang'anya," mdogo wangu akasema. "Neno hilo hana."

Yule mama aliteremka ngazi bila kumuaga Meneja. Akamwambia Fundi asizime kwanza. Akachukua ufagio ukutani na kuugusisha kwenye kinga kwa mpini. Rola ikaendelea. Akagusa tena, akabonyeza. Rola ikaendelea. Mara ya tatu mpini ukapitiliza, ukavutwa, ukavunjika kwa mlio uliomfanya arudi nyuma akiwa ameshika kipande. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, mikono bado juu.

"Zima," akamwambia Fundi. Akageuza karatasi yake, akakata mistari, akaandika upya akiwa amesimama, karatasi imelala juu ya mkokoteni wa mashuka. Meneja alikuwa amefika, anahema. "Tungeweza labda kuweka kwamba palikuwa na..."

"Kinga haikusimamisha mashine," mkaguzi akasema. "Nimeshaandika."

Rola ilikaa wiki nzima imefunikwa turubai. Fundi akabadilisha kinga. Siku aliyomaliza alinyoosha mgongo, akatutazama, akasita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Imefufuka." Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mdogo wangu akapewa kazi kwenye meza za kukunja, karibu yangu, mpaka mkono utakapopata nguvu. Nilitembea kama nimeshinda. Nilipaswa kujua mambo hayaishii hapo, kwa kumbukumbu niliyonayo.

Jumatatu iliyofuata Mwezeshaji akarudi, na kalamu zake nne. Safari hii alileta bango, ameshalichapisha, lina picha ya mwanamke anayetabasamu ameinua mikono. Juu yake herufi kubwa za bluu: IMEKUFA! MPANGO WETU WA USALAMA.

"Wanafamilia," akasema kwa ile sauti ya kubembeleza, "mmetufundisha. Tumesikiliza. Neno lenu sasa ni neno letu sote. Kila asubuhi tutaanza nalo. Mimi nikisema imekufa, ninyi mnasema tunaachia, mikono juu, na tabasamu. Tayari? Imekufa?"

"Tunaachia!" ukumbi ukajibu, mikono juu. Watu walikuwa wamefurahi kweli. Mama Pacha alikuwa anaimba kuliko wote, na yule msichana mgeni pembeni yake anatabasamu kama yule wa kwenye bango.

"Hamjasikika kule nyuma! Imekufa?"

"Tunaachia!"

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono ameiteremsha, ule wenye makovu umelala juu ya mwingine. Mdomo ameufunga.

"Imba basi," mwenzetu mmoja akamwambia. "Si neno lako mwenyewe wamelirudisha?"

Mwezeshaji akaita tena, na tena, na kila alipoita mikono ilipanda kwa uvivu kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mara ya nne yule wa vikaushio aliinua mmoja tu, mwingine anajikuna nao.

"Umeona?" mdogo wangu akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Tutafute neno lingine, kaka. Na safari hii usimwambie mtu wa ofisini mpaka lizoeleke."

Nilifungua mdomo nimpe manne au matano, yote mazuri, yote nimeyatoa kwenye magazeti. Akanitazama. Nikaufunga.